Binti wa miaka 15 na kipimo cha BRCA1
Je, binti wa miaka 15 apimwe BRCA1, jeni ambayo ikiwa na hitilafu huongeza sana hatari ya saratani ya matiti na ovari? Hapana, kwa kawaida hapimwi, hata kama mama yake amekutwa na hitilafu hiyo na yuko tayari kumsainia. Mwongozo wa mwaka 2013 wa chama cha madaktari wa watoto cha Marekani (AAP), uliotolewa pamoja na wataalamu wa jenetiki wa ACMG, unasema vipimo vya kutabiri magonjwa ya ukubwani visubiri, isipokuwa kuna hatua ya kuchukua utotoni inayopunguza ugonjwa au kifo. Hapa haipo. Uchunguzi wa matiti kwa MRI huanza miaka 25 hivi, kwa hiyo majibu ya leo yatamkalisha binti miaka kumi na hofu asiyoweza kuifanyia kitu. Tena uwezekano wa kurithi ni asilimia 50, huenda hana kabisa. Na kujua au kutojua ni uamuzi wake akishakuwa mtu mzima. Mzazi akimpimisha sasa, haki hiyo imeshatoka mikononi mwake na hairudi.

Ila si kila jeni. APC, ile inayoleta vinyama vingi kwenye utumbo mpana, hupimwa kwenye miaka 10 hadi 12, kwa sababu vinyama huanza mapema na kolonoskopi (kuchungulia utumbo mpana kwa kamera) huanza umri huo huo. Kama kutojua kunaitesa familia kweli, mwongozo unaacha nafasi ya kupima, lakini baada ya ushauri wa kina, na binti mwenyewe akiwa amekubali.