Mashine ya boti imelala miaka mitatu

SWALI: Mashine yangu ya Yamaha, nguvu farasi 15, ya kuchanganya oili, imekaa stoo miaka mitatu. Kamba inavutika lakini haiwaki. Nianzie wapi?
Msomaji, Kilwa

JIBU: Kwanza acha kuvuta kamba, pete za pistoni zikiwa kavu hukwaruza silinda. Fungua plagi zote mbili, tia kijiko cha chai cha oili kila silinda, kisha zungusha taratibu kwa mkono. Mwaga petroli yote ya zamani.

Mchawi huwa kabureta. Petroli ikikauka huacha utando kama gundi unaoziba jeti, yaani vitundu vidogo vya kupitisha petroli. Ifungue, isafishe, puliza kwa kompresa. Usichokoe kwa waya: tundu likipanuka, mchanganyiko wa petroli na hewa unaharibika. Plagi weka mpya, ni rahisi kuliko kubahatisha.

Petroli mpya ichanganywe 50 kwa 1, yaani mililita 400 za oili kwa lita 20. Baadhi ya mashine kongwe hutaka oili zaidi, basi fuata kitabu chake.

Badilisha pia impela, yaani kigurudumu cha raba kinachosukuma maji ya kupoza mashine, kwani raba yake hukakamaa ikipindika muda mrefu. Jaribu ndani ya pipa la maji, kamwe si pakavu. Kitundu cha pembeni kisipotema maji, zima mara moja.