Jirani anayeuza gongo na sala inayokauka

Dada yangu, umeeleza kwamba kila mara jirani yako wa Mbagala anayeuza gongo anapoingia kwenye sala ya jumuiya, moyo wako unajifunga na sala yenyewe inakauka mdomoni. Katika Injili ya Yohana, sura ya 8, Yesu aliinama akaandika ardhini kwa kidole kabla ya kuwajibu waliomshtaki mwanamke aliyefumaniwa, nami naamini kwa dhati kwamba utulivu huo ndio unaouhitaji kwanza. Kosa la jirani yako libaki kosa, hulazimiki kulihalalisha. Ila nenda kwake asubuhi, ukae kwenye kigoda chake, umuulize watoto wameamkaje, kisha usikilize bila kuandaa jibu, hata akikueleza jambo linalokuchoma. Jumamosi, jumuiya ikikutana, keti karibu naye.