Kadi anazijua zote, maneno yanamshinda

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mwanangu ana miaka minne. Nilimnunulia kadi zenye picha juu na neno chini, na jioni huwa tunazicheza. Anazitaja zote bila kukosea, ila nikiziba picha kwa kidole, neno linamshinda. Je, nimtafutie tuisheni? Halafu bibi yake wa Kibosho humsemesha Kichaga tu. Hatamchanganya?
Mama wa Majengo, Moshi

JIBU: Marahaba mwanangu. Tuisheni ya nini kwa mtoto wa miaka minne? Huyo anasoma picha, na kwa umri wake ni sawa kabisa. Picha ipo palepale, ahangaike na herufi za nini?

Chukua mkasi, tenganisha maneno na picha. Mtandikie mkeka, mpe picha tatu na maneno matatu, basi, aoanishe. Ila chagua vizuri. Kiti, kisu, kijiko na kikombe vyote vinaanza na "ki", kwa hiyo akishaiona hiyo "ki" anabahatisha lolote linalomjia. Anza na yasiyofanana hata kwa urefu: kuku, ndizi, mwavuli. Akiyazoea, mletee kiti na kijiko pamoja, umwone macho yanavyotembea mpaka mwisho wa neno.

Kinachonikera mimi ni ndizi ya kwenye kadi za dukani: moja tu, ya njano, imemenywa nusu. Mtoto wa Moshi anaujua mshare wa mtori, anaijua kisukari, anaujua mzuzu. Kata picha kwenye magazeti au chora mwenyewe, hata vibaya, upate ndizi za namna tatunne, zote azipeleke kwenye neno moja. Mkienda sokoni Mbuyuni, kadi ziacheni nyumbani. Mwambie akutafutie ndizi mbivu, akuonyeshe mkungu, akuhesabie chana. Msamiati ataupata kwenye maongezi hayo, kadi zitamkumbusha tu.

Ongeza na picha za vitendo: anafagia, anamenya, anamwaga. Hizo akizioanisha, asimame aigize. (Maji ya kumwaga mpe kidogo.)

Bibi mwache na Kichaga chake. Watoto wengi hukua na lugha mbili bila shida. Akichomeka neno la Kichaga kwenye Kiswahili, usimcheke wala usimkaripie. Zile picha ulizokata maneno, mpelekee bibi Kibosho azitaje kwa Kichaga, mjukuu azitafute.