Insha ya kuombea chuo Marekani: niandike nini?

SWALI: Shikamooni wahariri. Nimemaliza kidato cha sita, naomba vyuo vya Marekani kupitia Common App, fomu moja ya mtandaoni inayotumika kuomba vyuo vingi. Niandike wazazi walivyohangaika na ada yangu, au ushindi wa timu yetu ya mdahalo?
Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba. Tungeziacha zote mbili. Ushindi una mahali pake kwenye orodha ya shughuli ya fomu hiyo, yenye nafasi 10. Habari ya ada inastahili kusemwa, ila iweke kwenye sehemu ya maelezo ya ziada kwa sentensi chache. Ukiifanya insha, wazazi watajaza ukurasa nawe ubaki pembeni.

Fomu inataka insha ya maneno 250 hadi 650. Maswali ya insha ni saba, unachagua moja, na la saba linakuachia mada huru, kwa hiyo tafuta jambo kwanza, swali baadaye. Orodhesha mambo kumi madogo unayoyafanya bila kutumwa: kufungua redio mbovu, kumwekea bibi hesabu za vitumbua. Kwa kila moja jiulize: naweza kutaja saa, mahali na maneno yaliyosemwa? Fikra yangu ipi ilibadilika? Lisilojibu la pili, lifute, hata kama linapendeza.

Kisha andika aya moja ya majaribio. Mwenzako wa darasani akiweza kuweka jina lake pale bila kubadili kitu, mada bado ni pana. Wengi hukwama pia kwenye kugawa maneno: tukio hula maneno 500, mawazo yakabakiwa na mistari miwili. Tukio lipe kama 200.