Maswali yenu: Malkia mbele ya kamera

Nimesikia Malkia Victoria wa Uingereza aliwahi kujifuta uso kwenye picha. Kweli au porojo?

Kweli kabisa. Januari 1852 William Kilburn alimpiga picha akiwa na wanawe watano. Picha kuletwa, malkia kafumba macho! Akaukwangua uso wake, watoto akawaacha. Wakati huo picha ilitokea moja kwa moja juu ya bamba la shaba lililopakwa fedha, hakuna negativu, yaani ile filamu ya kutolea nakala nyingine. Ukilisugua, sura imekwenda. Baada ya siku mbili akapigwa nyingine, safari hii kageuka upande na kofia pana imemficha uso. Mjanja.

Wenye studio walifaidika nini? Ikulu ililipa sana?

Hela yenyewe ilikuwa kwa wananchi. Mwaka 1860 mpiga picha Mayall wa London aliruhusiwa kuuza picha za malkia na mumewe, Albert, kama kadi ndogo za kuenea kiganjani. Watu wakawa wanampachika malkia kwenye albamu, ubavuni mwa shangazi yao. Albert alipofariki Desemba 1861, kadi zake 70,000 ziliagizwa kwa muuzaji mmoja ndani ya wiki. Ndugu wawili wa kampuni ya W. & D. Downey wao walimpiga Alexandra, mkwe wa malkia, akiwa amembeba bintiye mgongoni, na inasemekana picha hiyo iliuzwa nakala 300,000. Hapa bibi zetu wangecheka: mtoto mgongoni ndiyo ya kununuliwa?

Mbona kwenye picha za enzi hizo wote wamekakamaa?

Sekunde kadhaa bila kutikisika, na nyuma ya kichwa chuma cha kukushikilia. Jaribu wewe.

Na masultani wa Zanzibar?

Sayyid Barghash alipozuru Uingereza mwaka 1875, alipigwa picha na studio ya Maull & Co. ya London, pamoja na washauri wake.

Tuna kopo kuukuu la biskuti lenye sura ya Victoria mzee. Picha ya nani?

Kama amevaa shela, yaelekea ni ya Downey. Ilipigwa mwaka 1893, ikatolewa 1897 kwa sherehe za miaka 60 ya utawala wake, bila hakimiliki. Ndiyo maana kila mwenye kiwanda cha vikombe na makopo aliichukua bure. Shela hiyo ni ile ile aliyoolewa nayo.