Kiwanja kikubwa hakilindi shamba: jibu kuhusu miji midogo inayotambaa mashambani

Mkuu, umeuliza kama sheria ya kiwanja kisichopungua hekta 2 itazuia nyumba kusambaa mashambani kuzunguka mji mdogo. Haitazuia, itazidisha. Halmashauri nyingi huikimbilia kwa sababu kwenye karatasi inaonekana kama inalinda kilimo.

Piga hesabu. Nyumba 100 kwa hekta 2 kila moja zinameza hekta 200. Nyumba hizo hizo kwenye viwanja vya mita za mraba 500 zinahitaji hekta 5, na ukiongeza barabara na maeneo ya wazi hazivuki hekta 8. Hekta 2 ni nyingi mno kwa bustani na ni chache mno kwa mkulima wa trekta, kwa hiyo sehemu kubwa huota majani tu. Njoo kwenye bomba la maji. Nyumba zikiwa pande zote mbili za barabara, na kila kiwanja kina upana wa mita 15 kwa mbele, mita 750 za bomba zinapita mbele ya nyumba zote 100. Upana ukiwa mita 60, zinatakiwa kilomita 3. Tena kwenye bomba refu lenye watumiaji wachache maji hukaa muda mrefu, klorini huisha nguvu kabla ya kufika mwisho, na fundi hulazimika kuyamwaga mara kwa mara ili kulisafisha. Gharama hii haionekani siku ya kutoa kibali.

Dawa ni kutenganisha mambo mawili: idadi ya nyumba zinazoruhusiwa kwenye shamba, na ukubwa wa kiwanja cha kila nyumba. Kaunti ya Montgomery, jimbo la Maryland nchini Marekani, ilifanya hivyo mwaka 1980: nyumba moja kwa kila ekari 25, yaani kama hekta 10. Ili mwenye shamba asipoteze thamani yote, alipewa haki moja ya ujenzi kwa kila ekari 5, ambayo anaweza kumuuzia mjenzi aitumie katika maeneo yaliyotengwa kwa nyumba nyingi. Sehemu hiyo ya pili msiiige haraka. Pasipo na wajenzi wanaogombea nafasi mjini, haki hizo hazina mnunuzi. Mji mdogo utosheke na uwiano wa nyumba kwa hekta, kiwanja cha nyumba kisizidi nusu hekta, nacho kikatwe kwenye kona yenye udongo dhaifu zaidi.

Hapo kuna mtego mmoja. Lazima sheria itaje tarehe, na kila shamba lihesabiwe kama lilivyokuwa siku hiyo. Bila tarehe, mwenye hekta 40 anamaliza idadi yake ya nyumba, kisha analimega shamba vipande vinne, na kila kipande kinadai nyumba upya.

Barabara ndiyo inayoharibu haraka kuliko vyote. Mkulima huuza kwanza ukanda wa mbele, kwa kuwa ndio wenye bei, na ardhi ya nyuma inabaki haina pa kuingilia. Uingereza ilishaliona hili ikatunga sheria mwaka 1935, ikamtaka anayejenga kandokando ya barabara kuu apate idhini ya mamlaka ya barabara. Kwenu kanuni inaweza kuwa fupi: kila mita 200 za ukanda unaouzwa ziache njia ya mita 12 hadi 15 ya kuingia ndani, ipimwe na iwekewe mawe ya mipaka kabla ya kiwanja cha kwanza kuuzwa. Mkichelewa, mtalipa fidia ili kuipata njia hiyo.

Halafu maji taka. Kila nyumba huko nje huwa na kisima chake na shimo lake. Watu huacha mita 30 kati ya kisima chao na shimo lao, wakasahau shimo la jirani. Nyumba zikiongezeka, nitrati (kemikali inayotokana na maji taka) hupanda visimani, wakazi hudai bomba la mji, na bomba likifika linavuta nyumba nyingine. Mnyororo huo ukatwe mapema: bomba lisivuke mpaka wa mji isipokuwa kwa sababu ya afya, na likivuka kipenyo chake kitoshe nyumba zilizopo tu.

Kuhusu mpaka wenyewe, yaani mstari ambao ujenzi wa mji hauuvuki, mji wa Lexington katika jimbo la Kentucky ilichora wake mwaka 1958, na sheria ya jimbo la Oregon ya mwaka 1973 ikaleta utaratibu ambao kila mji, hata mdogo, una mstari wenye ardhi ya kutosha ujenzi wa miaka 20. Makosa huanzia kwenye kuhesabu ardhi hiyo. Toeni miteremko mikali, mabonde ya mafuriko, na viwanja ambavyo wenyewe hawauzi. Kinachobaki ndicho cha kupangia. Mkihesabu na ardhi isiyojengeka, ardhi halisi ya kujenga haitatosha, bei ndani ya mstari itapanda na wajenzi wataruka hadi upande wa pili.

Upande huo wa pili mara nyingi uko chini ya halmashauri nyingine. Kaeni nayo kabla ya kutangaza mstari, maana mashamba yaliyo nje tu ya mpaka hubadilisha mikono wiki ile ile ramani inapobandikwa ukutani.