Miami Vice: kwa nini haijasahaulika
Umeuliza kwa nini Miami Vice, tamthilia ya polisi ya runinga ya Marekani ya 1984, bado inatajwa. Si kwa sababu ya kesi zake, nyingi nimeshazisahau. Ni sura na sauti. Tazama kipindi cha kwanza: Crockett na Tubbs, wale polisi wawili wakuu, wako garini usiku, taa za mji zinateleza juu ya boneti jeusi, wimbo wa Phil Collins unapiga, na wenyewe karibu hawasemi neno. Polisi wa runinga hawakuzoea kunyamaza hivyo! Halafu mavazi: koti jepesi juu ya fulana, mikono ya koti imekunjwa, viatu bila soksi. Vijana wakaiga. Muziki wa tamthilia hiyo, kazi ya mtunzi Jan Hammer, ulishika namba moja Marekani 1985. Na ile gemu ya 2002, Grand Theft Auto: Vice City? Mtoto wa Miami Vice kabisa, hata jina halifichi.